Karthago, Oktoba 439: Roma ilipopoteza ghala lake

Tarehe 19 Oktoba 439, Geiseric, mfalme wa Wavandali, aliingia Karthago, mji wa pwani ya Tunisia ya leo, na kuuchukua bila vita vya kutajika. Ukuta ulikuwepo, tena haujafikisha hata miaka 20. Mkataba wa amani ulikuwepo, wenye umri wa miaka minne tu. Salvianus, padre wa Galia (Ufaransa ya leo) aliyeandika miaka michache baadaye, aliumia moyo kwamba silaha za wavamizi zilikuwa zikilia nje ya kuta huku wakazi wakishangilia mashindano viwanjani. Basi mji mkubwa kuliko yote ya magharibi, ukiondoa Roma yenyewe, ukaangukia mikononi mwa watu ambao miaka 33 nyuma walikuwa bado ng'ambo ya mto Rhine.

Ukimuuliza mtu aliyesoma historia Roma ilianguka lini, atakwambia 476, mwaka alipoondolewa Romulus Augustulus, Kaisari wa mwisho wa magharibi. Mwingine atataja 410, Alaric na Wagothi wake walipoupora mji kwa siku tatu. Tarehe hizo ni za kweli, lakini zinatuonyesha kilio tu, ugonjwa hazituonyeshi. Mwaka 410 Roma iliporwa, ikalia, ikajizoazoa, na askari wakaendelea kulipwa. Mwaka 476 ulikuwa wa mazishi. Mimi nashikilia kwamba dola ya magharibi ilijeruhiwa jeraha la kifo pale ilipoipoteza Afrika, na kwamba Afrika ilipotea kwa sababu wakubwa wa Roma walikuwa wanagombea kiti wakati adui anavuka bahari.

Nikisema Afrika hapa, nasema walichokisema Waroma. Kwao neno hilo lilikuwa jina la jimbo lao la kusini mwa Bahari ya Mediterania, ambalo leo ni Tunisia pamoja na vipande vya Aljeria na Libya. Waliliita hivyo kutokana na wenyeji walioitwa Afri. Waarabu walilirithi jina wakalitamka Ifriqiya, na polepole likatambaa kusini mpaka likatufunika sote. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili asikisome kisa hiki kama habari za watu wa mbali. Jina tunalojiita limetoka shambani kwao.

Tini ya Cato

Kisa kinaanzia mbali. Katika miaka ya 150 KK, mzee mmoja wa seneti aitwaye Cato aliwaonyesha wenzake tini mbichi, haijanyauka, akawaambia imechumwa Karthago siku ya tatu iliyopita. Alitaka kuwatia hofu: adui yuko karibu kiasi hiki. Hofu ikafanya kazi. Mwaka 146 KK jenerali Scipio Aemilianus aliuteketeza mji, wakazi waliosalia wakauzwa utumwani; baadaye Waroma wenyewe wakaujenga upya.

Ila tini ile ilikuwa na maana nyingine ambayo Waroma waliielewa baadaye. Kama tunda linafika likiwa bichi, ngano itashindwaje? Meli iliyotoka Karthago na upepo mwanana ilifika Ostia, bandari ya Roma, kwa siku mbili tatu. Ile ya Aleksandria, Misri, ilikuwa inapigana na upepo wa mbele na ingeweza kumaliza mwezi na zaidi njiani. Na bahari ilikuwa rahisi kuliko barabara kwa kiwango ambacho sisi wa enzi ya malori tunashindwa kukifikiria. Kwa bei zilizowekwa na Kaisari Diocletian mwaka 301, ilikuwa nafuu kupitisha ngano kwa meli kutoka ukingo mmoja wa Mediterania hadi mwingine kuliko kuivuta kwa mkokoteni wa ng'ombe kilomita mia na ushei.

Roma ilihitaji unafuu huo kuliko mji wowote duniani wakati ule. Mwaka 123 KK Gaius Gracchus alipitisha sheria ya kuwauzia raia ngano kwa bei ya chini. Mwaka 58 KK Clodius akaifanya ya bure. Julius Caesar alipochukua madaraka alikuta waliomo kwenye orodha ni 320,000, akaikata hadi 150,000. Chini ya Augustus ikatulia kwenye watu 200,000 hivi, kila mmoja akipimiwa karibu kilo 33 kwa mwezi. Piga hesabu mwenyewe: ni kama tani 80,000 kwa mwaka, na hapo hujaweka ngano ya kuuzwa sokoni wala ya askari. Mji wenye watu wanaokadiriwa kufikia milioni moja, katika zama zisizo na injini, haukuweza kulishwa na mashamba yaliyouzunguka. Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya kwanza, anasema Afrika iliilisha Roma miezi minane ya mwaka, na Misri minne.

Wenye pesa walikuwa wameshaliona hilo. Pliny, mwandishi wa Kiroma, anasimulia kwamba wakati wa Kaisari Nero watu sita walimiliki nusu ya jimbo zima la Afrika. Nero aliwaua wote sita. Pliny haelezi zaidi ya hapo.

Ukienda leo Ostia, nyuma ya ukumbi wa michezo kuna uwanja uliozungukwa na vyumba vidogo vilivyokuwa ofisi za wafanyabiashara wa baharini. Sakafuni, mbele ya kila ofisi, kuna picha ya vijiwe vyeusi na vyeupe. Pana wenye meli wa Karthago, walioandika kwamba wamegharamia wenyewe. Pana watu wa Sullecthum, mji mwingine wa pwani ya Tunisia. Pana wa Sabratha ya Libya, waliochora tembo. Hao ndio waliokuwa kamba ya kitovu cha Roma. Serikali iliwasamehe kazi nyingi za umma ili wasiache kuleta ngano. Na humo humo ndani ya meli, chini na pembeni mwa mzigo wa serikali, walipakia mizigo yao: mitungi ya mafuta ya zeituni, na sahani za udongo mwekundu unaong'aa zilizofinyangwa Tunisia. Vigae vya sahani hizo vinafukuliwa pwani zote za Mediterania. Ngano ya kodi ilikuwa imelipa nauli, na sahani zikadandia.

Nani alilima

Ningependa tukae kidogo shambani, maana habari za Roma hupenda kuanzia jumba la kifalme na kuishia humo humo.

Souk el-Khmis, Tunisia, limepatikana jiwe lenye barua. Walioandika ni wakulima waliopangishiwa ardhi kwenye shamba la Kaisari, miaka ya 180 na kitu, na barua inakwenda kwa Kaisari Commodus mwenyewe. Wanalalamika kwamba msimamizi wa shamba amekula njama na bwana mkodishaji, kwamba wanapigwa, wanafungwa, askari wametumwa juu yao. Wanaomba jambo dogo sana: kanuni ya zamani ifuatwe, wasidaiwe zaidi ya siku mbili za kulima kwa jembe la ng'ombe, mbili za palizi na mbili za kuvuna kwa mwaka. Siku sita. Wanajiita watu wake wanyonge waliozaliwa na kulelewa katika mashamba yake. Commodus, ambaye kwa mengine hasifiki, aliwajibu kwa kuwakubalia, nao wakachonga jibu lake kwenye jiwe ili asitokee mtu wa kusema halikuwepo.

Jiwe la pili latoka Maktar, karne ya tatu. Jina la mwenyewe limevunjika, ila maisha yake yamebaki. Alizaliwa katika nyumba ya kimaskini, baba hana mali. Alivuna kwa mundu misimu 12 chini ya jua kali. Kisha akawa kiongozi wa vikosi vya wavunaji, akawaongoza miaka 11 kwenye nyanda za Numidia, jimbo la jirani upande wa magharibi. Akanunua nyumba, akanunua shamba, akaketi katika baraza la mji wake, akaona wana na wajukuu. Nikimsoma mzee huyu naelewa kwa nini Roma ilidumu. Dola haikusimama kwa upanga peke yake. Ilisimama pia kwa sababu mvunaji wa Afrika aliweza kuamini kwamba jasho lake lina mahali pa kumfikisha. Mwana wa Leptis Magna, iliyoko Libya ya leo, Septimius Severus, alifika juu kabisa: alikuwa Kaisari kuanzia 193 hadi 211. El Djem, mji uliotajirika kwa zeituni, ulijenga uwanja wa michezo wa watu wapatao 35,000, na kuta zake bado zimesimama katikati ya tambarare.

Kulikuwa na jambo jingine lililoifanya Afrika iwe lulu, nalo ndilo kiini cha uchambuzi wangu. Afrika haikugharimu kuilinda. Dola ilikuwa na lejioni (vikosi vikuu vya jeshi) 30 na ushei, nyingi zimerundikwa kwenye Rhine, Danube na mpaka wa mashariki, zinakula bila kuzalisha. Afrika nzima ilitosheka na moja, Lejioni ya Tatu Augusta, yenye askari kama 5,000. Kusini kuna jangwa, kaskazini kuna bahari isiyo na adui. Kilichobaki baada ya kulipa ulinzi kilipakiwa melini. Majimbo ya mpakani yalikuwa wategemezi. Afrika ilikuwa mleta chakula nyumbani.

Angalia karne ya tatu uone uzito wa jambo hili. Katika miaka ya 260 Galia ilijitenga, mashariki ikawa chini ya Palmyra, mji wa Syria, pesa ikapoteza thamani, Makaisari wakauawa mmoja baada ya mwingine. Kwa hali ilivyokuwa, mtu angeapa kwamba Roma imekwisha. Lakini Afrika ilibaki mkononi mwa serikali ya kati, na kufikia 274 Aurelian alikuwa ameziunganisha tena pande zote. Pamoja na ukatili wake, ndiye aliyeanza kuwapa watu wa Roma mkate uliookwa badala ya ngano, pamoja na nyama ya nguruwe. Dola iliyovunjika vipande vitatu iliponywa, kwa kuwa ghala lilikuwa salama.

Mayai yote katika meli moja

Mwaka 330 Constantine alizindua mji wake mpya, Constantinople, na ngano ya Misri ikaelekezwa huko. Roma ikabaki na Afrika, ikisaidiwa na Sisilia na Sardinia. Mwaka 395 Theodosius alipofariki, wanawe wawili wakagawana dola, Arcadius mashariki na Honorius magharibi. Toka hapo magharibi ilikuwa na mpaka mrefu kuliko wenzao, adui wengi kuliko wenzao, na jimbo kubwa moja tu la kuulipia wote.

Onyo lilikuja mapema, na lilikuja zaidi ya mara moja. Mwaka 397 Gildo, kamanda wa majeshi ya Afrika, alizuia ngano, na Roma ikatetemeka hadi alipopinduliwa mwaka uliofuata na jeshi lililoongozwa na ndugu yake mwenyewe. Mwaka 410 kamanda mwingine, Heraclian, alifunga tena bandari ili kumbana mtu aliyesimikwa na Alaric kuwa Kaisari, na njaa ikaingia mjini. Alaric naye alilielewa somo. Baada ya kupora Roma hakukaa. Alishuka kusini akitafuta meli za kumvusha kwenda Afrika, dhoruba ikamharibia, akafa huko huko kusini mwa Italia. Kila mtu, rafiki na adui, alijua shingo ya Roma iko wapi.

Hapo ndipo ninapokasirika nikisoma habari za miaka ya 420. Valentinian III alipewa kiti mwaka 425 akiwa na miaka sita. Mama yake, Galla Placidia, akatawala kwa niaba yake, na chini yake majenerali watatu wakawa wanatafutana: Felix, Aetius na Bonifatius. Bonifatius ndiye aliyekuwa Afrika. Mwaka 427 aliitwa arudi Italia, akakataa, akatangazwa mwasi, na jeshi la Roma likatumwa kupigana na jeshi la Roma katika jimbo lililokuwa likiwalisha wote wawili. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Kunguru alikuwa Hispania. Wavandali walikuwa wamevuka Rhine siku ya mwisho ya mwaka 406 pamoja na Waalani na Wasuebi, wakapita Galia wakichoma, wakaingia Hispania mwaka 409. Huko walipigwa vibaya, wakasongwa hadi kusini, wakajifunza ubaharia. Mwaka 428 walimpata Geiseric, mwana wa mfalme kwa suria, aliyekuwa na kilema cha mguu kwa kuanguka na farasi. Mwaka 429 aliwavusha watu wake wote kwenye mlango-bahari wa Gibraltar, ambao sehemu yake nyembamba haifiki kilomita 15. Victor, askofu wa mji wa Vita huko huko Afrika, anasema walihesabiwa 80,000, wazee, vijana, watoto, watumwa na mabwana. Hilo lilikuwa taifa zima linahama, na wapiganaji ndani yake hawawezi kuwa walizidi 20,000 kwa mbali.

Procopius, mwanahistoria wa mashariki aliyeandika miaka 100 baadaye, anasema Bonifatius ndiye aliyewaalika. Wanahistoria wengi wa leo hawalikubali hilo, na mimi pia naliona halihitajiki. Geiseric hakuwa na haja ya mwaliko. Alikuwa na macho.

Kutoka Gibraltar hadi Hippo, kwenye pwani ya Aljeria ya leo, ni safari ya zaidi ya kilomita 1,500, na ilimchukua mwaka mzima kwa mwendo wa mikokoteni. Katika mwaka huo hakuna jeshi la kutoka Italia lililomkabili. Mwaka 430 akauzingira mji wa Hippo, uliokuwa na askofu mzee wa miaka 75 aitwaye Agostino, ambaye maandiko yake Kanisa linayasoma mpaka leo. Agostino aliugua homa mwezi wa tatu wa mzingiro. Aliomba zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani mbele ya kitanda chake, akawa anazisoma na kulia. Alifariki tarehe 28 Agosti 430, adui wakiwa nje ya lango. Mzingiro uliendelea miezi 14 kwa jumla.

Mashariki walituma msaada chini ya jenerali Aspar, wakashindwa. Na sasa tazama kilichofuata. Mwaka 432 Placidia alimwita Bonifatius Italia, si kwa ajili ya kupanga namna ya kuiokoa Afrika, bali apambane na Aetius. Wakapigana karibu na Rimini. Bonifatius alishinda, akafa kwa jeraha. Aetius alikimbilia kwa Wahun, wapiganaji wa farasi wa ng'ambo ya Danube, akarudi na jeshi lao, na kufikia 433 akawa ndiye mwenye nguvu magharibi. Mwaka 435 ukatiwa saini mkataba wa kumwachia Geiseric maeneo ya Numidia na Mauretania (si nchi ya Mauritania ya leo, bali pwani ya Aljeria), ili Karthago ibaki. Kisha Aetius akageukia Galia, kwa Waburgundi na Wagothi. Mwaka 439 huo huo, jenerali wake Litorius alikuwa anapigana na Wagothi nje ya Toulouse, akashindwa na kutekwa. Miezi michache baadaye Geiseric alitembea kuingia Karthago.

Mimi siwezi kumlaumu Aetius kwa kila kitu. Galia ilikuwa inawaka kweli. Lakini mtu aliyekuwa na maji ya ndoo moja aliyamwaga kwenye moto wa jirani, na jikoni kwake kukaungua.

Maji yalizidi unga

Sheria za Valentinian III zimehifadhiwa, na ukizisoma kwa mpangilio wa tarehe unaiona serikali ikipungukiwa pumzi. Machi 440: ukuta wa Roma ukarabatiwe, raia washiriki ulinzi. Juni 440: Geiseric ametoka bandarini na meli nyingi, hatujui atatua pwani gani, kwa hiyo kila mtu anaruhusiwa kushika silaha na kujilinda. Dola iliyokuwa imewanyang'anya raia silaha kwa karne nyingi sasa inawaambia wajitetee.

Kwa kuwa meli za ngano zilikuwa zimelala bandarini Karthago, Geiseric alipata vyombo vya baharini kwa siku moja. Bahari iliyokuwa salama kwa miaka karibu 500 ikawa barabara ya maharamia.

Mwaka 441 meli za mashariki zilifika Sisilia tayari kuvuka. Wahun wa Attila na Bleda wakashambulia Danube, na jeshi likaitwa nyumbani kabla halijakanyaga Afrika. Mwaka 442 Roma ikasalimu amri kwa kalamu: Geiseric apewe sehemu nono, yaani Karthago, Byzacena iliyo kusini yake na mashariki ya Numidia, na Roma irudishiwe mabaki ya magharibi. Binti wa Kaisari, Eudocia, akachumbiwa kwa mwana wa Geiseric.

Mabaki hayo yalikuwa na thamani gani? Jibu lipo katika sheria ya Juni 445. Serikali iliwapunguzia walipakodi wa Numidia na Mauretania walizorudishiwa, na kiwango kipya kikawa moja ya nane ya kile cha awali. Kati ya mikate minane, saba imekwisha. Miezi hiyo hiyo ikaanzishwa kodi mpya ya mauzo, sehemu moja kwa 24, nusu alipe muuzaji na nusu mnunuzi. Sababu iliyoandikwa inasikitisha kwa uwazi wake: makusanyo yaliyopo hayatoshi kuwalisha na kuwavika askari wa zamani, seuze wapya.

Hapo ndipo mtambo wa kuanguka unapoonekana wazi. Askari wa Roma alikuwa mwajiriwa. Pesa ikikatika anapungua. Akipungua, jimbo jingine linachukuliwa au linaharibiwa. Likichukuliwa, kodi inapungua tena. Na wale waliobaki wanatozwa zaidi hadi wanaona afadhali mfalme wa Kigothi aliye karibu kuliko Kaisari aliye mbali. Uingereza ilikuwa imeshaachwa. Hispania ikaenda kwa Wasuebi na Wagothi, Galia kipande kwa kipande.

Najua kuna maelezo mengine. Salvianus mwenyewe alisema ni dhambi: uzinzi, michezo, ulafi. Maelezo hayo yana wapenzi wengi mpaka leo, hasa kwa wahubiri. Lakini michezo ile ile, tena mikubwa zaidi, ilikuwepo mwaka 200 na dola ilikuwa imara. Wengine wanasema ni wingi wa washenzi. Hao pia hawanishawishi: watu 80,000, pamoja na vikongwe na wachanga, hawawezi kuishinda dola ya mamilioni isipokuwa dola hiyo imewapa nafasi. Nafasi hiyo nimeionyesha ilipotoka.

Kujaribu kurudi

Mwaka 454 Valentinian alimuua Aetius kwa mkono wake. Machi 455 yeye akauawa na wafuasi wa Aetius. Uchumba wa Eudocia ukavunjwa na Kaisari mpya, Petronius Maximus, na Geiseric akaja kudai. Papa Leo alitoka kumlaki na kumsihi asichome mji wala kuua. Kuanzia tarehe 2 Juni, kwa siku 14, Wavandali waliizoa Roma kwa utaratibu kama wahamishaji wa nyumba, wakabandua hata nusu ya bati la shaba lililopakwa dhahabu kwenye hekalu la Jupita. Mjane wa Kaisari na mabinti zake wawili wakapakiwa pia. Kaisari aliyefuata, Avitus, alikuta njaa. Askari wake wa Kigothi walidai mishahara. Ilibidi mapambo ya shaba ya majengo ya umma yavunjwe na kuuzwa kwa wafanyabiashara ili walipwe waondoke.

Majorian, aliyetawala kuanzia 457, alikuwa mtu makini, na alielewa kwamba bila Afrika hakuna dola. Alikusanya meli Hispania. Mwaka 460 Wavandali, wakisaidiwa na wasaliti, walizikamata zikiwa pwani karibu na Cartagena. Mwaka uliofuata jenerali wake Ricimer alimkamata na kumkata kichwa.

Nafasi ya mwisho ilikuwa 468. Mashariki na magharibi waliungana. Procopius anataja ratili 130,000 za dhahabu. Wengine wanatoa hesabu nyingine, ila wote wanakubali kwamba hazina ya Constantinople ilikauka kwa miaka mingi. Msafara wa meli, unaotajwa kuzidi 1,000, ulikabidhiwa kwa Basiliscus, shemeji wa Kaisari Leo. Alitia nanga karibu na rasi ya Bon, na mji ulikuwa karibu kiasi kwamba angeushambulia siku hiyo hiyo. Geiseric akatuma wajumbe: nipe siku tano nifikirie. Basiliscus akampa.

Geiseric alikuwa anasubiri upepo. Ulipogeuka, alivuta majahazi matupu hadi karibu na meli za Waroma zilizobanana, akayawasha, akayaachia. Procopius anaeleza sauti ya usiku ule: upepo, mngurumo wa moto, askari na mabaharia wakipigiana kelele, wakisukuma kwa miti majahazi ya moto na meli zao wenyewe zilizokuwa zinagongana. Kisha Wavandali wakaja nyuma ya moto. Naibu kamanda, Yohana, alipigana sitahani mpaka meli ikazingirwa. Akaahidiwa usalama, akakataa, akajitupa baharini na deraya yake mwilini.

Baada ya hapo magharibi haikuwa na cha kulipa mtu. Mwaka 476 askari wa Kigermanik waliokuwa Italia walidai theluthi ya ardhi, kwa kuwa mshahara haupo. Orestes, baba wa Kaisari kijana Romulus, alikataa, akauawa. Odoacer aliyewaongoza hao askari akamwondoa mtoto tarehe 4 Septemba, akampa pensheni, na alama za ufalme zikapelekwa Constantinople. Geiseric alikufa Januari 477 kitandani mwake, baada ya kuishuhudia dola ikitangulia.

Mwaka 533 Kaisari Justinian alimtuma Belisarius, na safari hii upepo uliwapenda. Tarehe 15 Septemba jeshi liliingia Karthago. Procopius alikuwepo, na anasema walikaa katika jumba la mfalme wakala chakula kilichokuwa kimepikwa jana yake kwa ajili ya Gelimer, mfalme wa mwisho wa Wavandali, tena wakihudumiwa na watumishi wake. Wakati huo Roma ya Italia haikufikia hata kivuli cha mji uliokuwa ukigawiwa tani 80,000 kwa mwaka.

Baada ya karamu likaja swali la kodi. Maofisa walitafuta daftari za zamani, zile zilizoandika kila shamba linadaiwa nini, zilizoilisha Roma kwa karne nne. Hazikupatikana, Geiseric alikuwa ameziharibu tangu mwanzo. Ikabidi Justinian atume watu wawili, Tryphon na Eustratius, wapite jimbo zima kupima na kuandika upya. Wenyeji waliwaona hawana kiasi wala hawavumiliki.